Shajara ya mradi: vyanzo vya chembe za hewa ya Arusha, chembe moja baada ya nyingine

Januari, wakati wa kaskazi

Chombo kimesimikwa katika chumba cha ghorofa ya chini upande wa Njiro, bomba la kuvutia hewa limepitishwa dirishani hadi juu ya paa, na pampu zimeshaanza kufanya kazi usiku na mchana. Ni spektrometa ya tungamo inayochunguza chembe moja moja, nasi tumeazimwa kwa misimu kadhaa ya mwaka huu. Kazi tuliyojipa ni kueleza chembe zinazoelea katika hewa ya Arusha zinatoka wapi: zipi ni za majiko ya mkaa na kuni, zipi ni za daladala na bodaboda, zipi ni vumbi la barabara zisizo na lami, zipi ni za taka zinazochomwa nyuma ya nyumba, na zipi zimesafirishwa na upepo kutoka mbali.

Njia iliyozoeleka ni ya kichujio. Hewa hupitishwa kwenye kichujio kwa saa 24, kichujio hupimwa uzito, na namba inayopatikana hulinganishwa na mwongozo wa Shirika la Afya Duniani, ambao tangu 2021 unataka chembe zisizozidi mikromita 2.5 zisipite mikrogramu 5 katika kila mita ya ujazo kwa wastani wa mwaka, na mikrogramu 15 kwa wastani wa saa 24. Namba hiyo ina kazi yake na hatuidharau. Lakini kichujio huchanganya kila kilichonaswa, hivyo potasiamu na risasi zikionekana pamoja hakuna awezaye kusema kama zilikuwa ndani ya chembe moja au zilikutana pale pale kwenye kichujio zikiwa zimetoka pande mbili za mji. Ukitaka kujua chanzo, tofauti hiyo ndiyo unayoihitaji.

Katika chombo hiki hewa huingia kupitia tundu lenye kipenyo cha takriban sehemu ya kumi ya milimita, kisha hupita katika lenzi ya erodinamiki, yaani mfululizo wa vitundu vinavyozikusanya chembe ziwe mstari mmoja mwembamba kabla ya kuingia kwenye ombwe. Chembe ndogo hutoka humo kwa mwendo mkubwa kuliko chembe kubwa, kwa hiyo miale miwili ya leza ya kijani, ya nanomita 532, iliyotenganishwa kwa sentimita chache, hupima muda ambao chembe imetumia kutoka mwale wa kwanza hadi wa pili, na kutokana na muda huo ukubwa wake hujulikana. Hapo hapo saa ya chombo hukokotoa chembe itafika lini katikati ya chumba cha ioni, na leza ya tatu, ya mwanga wa urujuanimno wa nanomita 266, hufyatuliwa wakati huo huo. Chembe huvunjika kuwa ioni, yaani vipande vidogo vyenye chaji ya umeme; ioni chanya huvutwa upande mmoja na ioni hasi upande wa pili, nyepesi zikitangulia na nzito zikifuata, na muda wa kila ioni kufika, unaohesabiwa kwa mikrosekunde, hutoa uwiano wake wa tungamo kwa chaji. Kwa hiyo kila chembe inayopigwa huacha kumbukumbu tatu: ukubwa, spektra chanya na spektra hasi, yaani michoro ya vilele vya ioni za kila upande.

Mbinu hii ilikomaa miaka ya 1990. Kundi la Kimberly Prather, wakati huo likiwa Chuo Kikuu cha California kule Riverside, lilionyesha kwamba ukubwa na kemia ya chembe moja vinaweza kupimwa papo hapo, na kundi la Daniel Murphy huko Boulder, Colorado, lilitengeneza chombo cha ukoo huo kilichokuja kurushwa kwa ndege. Nalitaja hili kwa sababu alama nyingi za vyanzo ambazo programu yetu imekuja nazo zilikusanywa katika hewa ya Marekani na Ulaya, na sehemu kubwa ya shajara hii itahusu zile zinazokubaliana na Arusha na zile zisizokubaliana.

Februari

Mwezi huu umekwenda kwenye urefu wetu kutoka usawa wa bahari. Arusha iko mita 1,400 hivi juu, na mgandamizo wa hewa hapa ni takriban hektopaskali 860, wakati usawa wa bahari ni 1,013. Tundu la kuingilia ni lile lile, lakini hewa inayopita ndani yake ni nyepesi zaidi, mgandamizo ndani ya lenzi unashuka, na chembe ya ukubwa ule ule inatoka kwa mwendo tofauti na ule ulioandikwa kwenye mchoro wa kiwandani. Tumeutengeneza mchoro upya kwa vitufe vya polistaireni ambavyo ukubwa wake unajulikana: vinanyunyizwa kama ukungu pamoja na maji safi, vinakaushwa, vinaingizwa kwenye chombo, na muda wao kati ya miale miwili unarekodiwa. Mchoro mpya umekaa pembeni ya ule wa kiwandani kwa tofauti inayotosha kuhamisha chembe kutoka daraja moja la ukubwa hadi jingine.

Umeme usiotulia umedai uangalifu kuliko mgandamizo. Nguvu ya leza ya urujuanimno ikishuka, chembe ile ile hutoa spektra nyingine kabisa, yenye vipande vikubwa na ioni chache, na mtu asiyejua angedhani ameona aina mpya ya chembe. Tumeweka stabilaiza na betri za akiba, na nguvu ya leza inarekodiwa pamoja na data ili saa ambazo ilitetereka zitengwe.

Kuna mipaka ambayo stabilaiza haiwezi kuisogeza. Chembe iliyo chini ya mikromita 0.2 hutawanya mwanga kidogo mno, kwa hiyo masizi mabichi yanayotoka tu kwenye bomba la moshi la gari, ambayo mengi ni madogo kuliko hapo, hupita bila kuonekana. Chembe za salfeti ya amonia tupu nazo huonekana na leza za kijani lakini hazifyonzi vizuri mwanga wa nanomita 266, na nyingi hupita bila kuvunjika. Kwa sababu hiyo tumeweka kihesabu chembe cha kawaida kando ya chombo, ili tuwe tunajua ni chembe ngapi zilikuwa hewani na ni ngapi kati yake zilitupa spektra.

Mwanzoni mwa Machi: kitabu cha alama

Tumeanza kuchoma. Fundi bati wa mtaa wa Unga Limited ametutengenezea kofia ya kukusanya moshi, na kutoka hapo moshi unapunguzwa makali kwa hewa safi ndani ya pipa kabla ya kuletwa kwenye chombo. Orodha ya vitu vya kuchoma ina kuni za mgrevilea na mkaratusi, mkaa wa gunia kutoka sokoni, maranda, magunzi, mabua na maganda ya kahawa.

Moshi wa kuni umefanya ulichotarajiwa kufanya. Upande chanya kuna kilele kikubwa cha 39 (namba ya kilele ni ule uwiano wa tungamo kwa chaji), ambacho ni potasiamu, pamoja na 113 na 115, ambavyo ni potasiamu mbili zilizoshikana na klorini. Upande hasi kuna 45, 59 na 71, vipande vya levoglukosani, sukari inayotokea selulosi inapoungua. Vitabu vya alama vya kwingineko vinautambua moshi wa mimea kwa mchanganyiko huo: potasiamu upande mmoja, levoglukosani upande wa pili.

Mkaa hauko hivyo, na hapa ndipo kitabu cha wengine kinapoanza kutuangusha. Selulosi ya mkaa ilishaondoka tanurini, porini, kabla gunia halijapakiwa kwenye lori. Jiko lililoshika moto vizuri linatoa chembe zenye potasiamu, sodiamu na kloraidi, lakini vilele vya 45, 59 na 71 ni hafifu au havipo kabisa. Programu yenye kanuni ya kigeni inaziweka chembe hizo kwenye fungu la “chumvi, chanzo hakijulikani”, katika mji ambao jioni yake yote inapikwa kwa mkaa na gesi. Mama mmoja anayeuza makande pale soko la Kilombero, ambaye tulikwenda kumwomba ruhusa ya kupima karibu na jiko lake, alitueleza jambo ambalo halimo kwenye karatasi yoyote tuliyosoma: tusijisumbue na jiko lililokwisha kushika, kwa kuwa moshi wote uko kwenye kuwasha, na kila mtu anawasha kwa anachokipata, iwe ni mafuta ya taa, magunzi, vipande vya ndala au chupa za plastiki. Tumemfuata. Jiko linapimwa kwa awamu mbili, ya kuwasha na ya kupikia, na kila awamu ina ukurasa wake katika kitabu chetu, kwa maana spektra za awamu hizo hazifanani hata kwa mtu anayezitazama mara ya kwanza.

Inafaa kuandika hapa kwa nini kilele cha 39 hakisomwi kama kipimo cha wingi. Fotoni moja ya nanomita 266 ina nishati ya elektroni-volti 4.66. Kumng’oa elektroni mmoja wa potasiamu kunahitaji 4.34, wa sodiamu 5.14, wa kaboni zaidi ya 11. Potasiamu inajivua elektroni kwa fotoni moja, ilhali kaboni inahitaji kadhaa, kwa hiyo chembe yenye chembechembe za potasiamu ndani ya masizi mengi inaweza kutoa spektra inayopiga kelele potasiamu. Kilele kinatuambia potasiamu ipo. Kiasi chake kinahitaji kazi nyingine. Tunakagua pia uwiano wa 39 kwa 41, kwa sababu isotopu hizo, yaani potasiamu za uzito tofauti, katika asili ni asilimia 93.3 na 6.7, na 41 ikionekana kubwa kupita kiasi ni ama kigunduzi kimeshiba ama kuna kipande cha hidrokaboni kimekaa mahali pake.

Mwishoni mwa Machi: vumbi

Mvua za masika zimechelewa na vumbi limejaa, jambo ambalo kwa mara hii limetufaa. Tumekusanya vumbi la kando ya barabara kutoka Muriet, Sakina na njia ya Ngaramtoni, tumelichekecha, na tunalirusha upya ndani ya chupa kwa hewa safi ili sehemu laini iingie kwenye chombo.

Arusha imejengwa juu ya mabaki ya volkeno ya Meru. Miamba yake, fonolaiti na nefelinaiti, ina sodiamu na potasiamu nyingi kuliko miamba mingi, na madini kama nefelini na feldispa yanashika elementi hizo mbili pamoja na alumini na silika. Matokeo yake ni kwamba chembe ya vumbi letu inatoa kilele kikubwa cha 39. Hilo peke yake lisingekuwa shida kubwa, kwa sababu wachunguzi wote wanajua vumbi linaweza kuwa na potasiamu. Shida ni upande hasi: alumini iliyoshikana na oksijeni mbili ina tungamo la 27 na 32, yaani 59, na 59 ndiyo namba ile ile ya kipande kimojawapo cha levoglukosani. Chembe ya mlima inaweza kusimama mbele ya programu ikiwa na 39 chanya na 59 hasi, ikaandikwa moshi wa kuni, na mwezi wenye vumbi ukaonekana mwezi wa kuni.

Tumeandika kanuni yetu. Ili chembe iitwe moshi wa mimea ni lazima 59 iandamane na 45 na 71, na pasiwe na 76 hasi, ambayo ni silika iliyoshika oksijeni tatu. Ikiwapo 76 pamoja na 27 chanya na 48 ikifuatana na 64, yaani titaniamu na oksidi yake, chembe inakwenda kwenye vumbi bila kujali ukubwa wa 39. Kuhusu chuma tumekuwa wagumu zaidi. Kilele cha 56 kinaweza kuwa chuma, oksidi ya kalisi au hidroksidi ya potasiamu, kwa hiyo hatukiiti chuma mpaka tuone 54 ikiwa karibu na asilimia sita ya 56, kama isotopu zinavyodai. Kwa kalisi tunatafuta 40 na 57.

Kanuni hizi zimepitishwa juu ya spektra za vyanzo tulivyovijua, kuni kwa jina lake na vumbi kwa jina lake, na makundi mawili yameachana vizuri. Zinazobaki katikati ni chembe zenye pande zote mbili kwa kweli: vumbi lililopakwa moshi. Karibu na jiko la kuni lililo kwenye sakafu ya udongo hizo si chache, na hatuoni sababu ya kuzilazimisha ziingie upande mmoja.

Huu pia ni msimu wa kupanda, na hapo limeongezeka jambo la fosfeti. Kwingineko, 40 chanya pamoja na 79 hasi juu ya masizi ni alama ya mafuta ya injini, kwa kuwa viambato vya mafuta hayo vina kalisi na fosforasi. Lakini mbolea ya Minjingu, inayochimbwa karibu na Ziwa Manyara na kumwagwa mashambani wakati huu, ni fosfeti ya kalisi, nayo hutoa 40 na 79 zile zile. Kinachoitofautisha ni floraidi iliyomo ndani ya madini yenyewe: 19 hasi, na 59 chanya kwa kalisi iliyoshikana na florini. Mafuta ya injini, kwa upande wake, huja na ngazi ya kaboni ya 12, 24, 36, 48 na 60, ambayo mbolea haina.

Aprili

Masika yameanza na vumbi limelala. Spektra hasi nazo zimelala. Usiku wa mvua chembe inaingia ikiwa imebeba maji, na maji hayo yanazuia ioni hasi zisitokee, hata kama leza ina nguvu yake ya kawaida. Tunabaki na upande chanya pekee, ambao hauwezi kutenganisha salfeti na naitreti. Tumeweka kikaushio cha jeli ya silika kwenye bomba, na jeli hiyo inabadilishwa na kukaushwa jikoni mara kwa mara. Sehemu kubwa ya spektra hasi imerudi. Data ya kabla ya kikaushio imehifadhiwa, lakini haitumiki kwenye kanuni yoyote inayotegemea upande hasi.

Mei: sodiamu

Nimekuwa nikiliahirisha jambo la sodiamu mpaka upepo ugeuke, na sasa kusi imeshika. Katika maandiko, chembe yenye 23 chanya na 81 na 83, ambavyo ni sodiamu mbili na klorini moja kwa uwiano wa tatu kwa moja, ni chumvi ya bahari. Mwaka 1998 kundi la Riverside lilichapisha katika jarida la Science kwamba chembe za chumvi ya bahari zilizopita Long Beach, California, zilikuwa zikipoteza kloraidi na kuvaa naitreti, chembe kwa chembe, na tangu hapo 108 chanya, sodiamu mbili na naitreti, inasomwa kama chumvi ya bahari iliyozeeka. Bahari ya Hindi iko zaidi ya kilomita 250 kutoka hapa, na kusi inatoka huko, kwa hiyo hatukatai kwamba chumvi yake inaweza kutufikia.

Lakini tumezungukwa na magadi. Ziwa Natron liko kaskazini-magharibi, maziwa ya Momella yako nyuma ya Meru, na sakafu kavu ya Ziwa Amboseli, ng’ambo ya mpaka wa Kenya, iko upande ule kaskazi inakotoka. Chumvi ya maziwa haya ni kaboneti na bikaboneti ya sodiamu, na ndani yake mna kloraidi pia. Sodiamu na kloraidi zikionekana Januari, kabla hata ya kuitaja bahari kuna Amboseli ya kuulizwa.

Sampuli haikutupa shida, kwa sababu magadi yanauzwa sokoni kwa mafungu kwa ajili ya maharage na makande. Tumeyasaga na kuyarusha hewani kama tulivyofanya kwa vumbi. Sodiamu inatawala kila kitu, kama ilivyotarajiwa. 62 na 63 zipo, ambazo ni oksidi na hidroksidi. Na 81 na 83 zipo, ndogo lakini hazina ubishi. Kwa hesabu, sodiamu tatu na kaboneti moja ni 129, nayo tumeiona. Upande hasi kuna 60 na 61. Namba ya 60 hatuitegemei, kwa sababu inaweza kuwa kaboneti, silika au kaboni tano.

Mizani tuliyoiamini zaidi ina vigezo viwili. Cha kwanza ni magnesiamu. Maji ya bahari yana takriban gramu moja ya magnesiamu kwa kila gramu nane na nusu za sodiamu, na chumvi inayotokana nayo inaibeba. Maziwa ya magadi yameshaiacha, kwa sababu kalisi na magnesiamu hutangulia kuzama kama kaboneti maji yanapokauka, na sodiamu inabaki peke yake. Kwa hiyo 24 chanya, pakiwa hapana 12 na 36 za kaboni kuichafua, inaelekeza baharini. Cha pili ni floraidi. Mtu aliyekulia chini ya Meru hahitaji kufundishwa kuhusu floraidi. Meno ya wenyeji yanaonyesha, na magadi yenyewe yametajwa kwa miaka mingi kama mojawapo ya njia inayoingilia mwilini. Maji ya bahari yana zaidi kidogo ya miligramu moja tu ya floraidi kwa kila kilo. Spektra ya magadi yetu ina 19 hasi iliyosimama wima, na 65 chanya kwa sodiamu mbili na florini.

Tumerudia chembe zote za sodiamu za tangu Januari kwa vigezo hivyo. Za kipindi cha kaskazi nyingi zina 19 na hazina 24. Za Mei zimegawanyika, na miongoni mwa zenye 24 kuna zilizovaa naitreti na kupungukiwa kloraidi, kama zile za Long Beach. Kuna fungu la tatu, lisilo na 24 wala 19, ambalo litabaki na jina la “sodiamu tu” mpaka tupate sampuli ya sakafu ya Amboseli yenyewe. Magadi ya sokoni yamechaguliwa na mikono ya wafanyabiashara, na vumbi linalopeperuka halichaguliwi na mtu.

Juni, baridi na ukungu

Bomba la pili limepelekwa karibu na barabara ya Sokoine, chini kidogo ya Mnara wa Saa, na chombo kimehamishiwa huko kwa gari kwa mwendo wa pole. Masizi yenye kalisi na fosfeti yanapanda asubuhi, kama inavyotarajiwa mahali daladala na bodaboda zinaposubiriana. Breki zimeleta mjadala kidogo. Bariamu, 138 chanya, hutumika kwingineko kama alama ya breki kwa sababu baraiti, madini ya bariamu, imo ndani ya vitambaa vyake. Lakini lava ya Oldoinyo Lengai, volkeno pekee hai inayojulikana kutoa lava ya kaboneti ya sodiamu, ina bariamu na strontiamu nyingi, na mlima huo uko kilomita 100 na kidogo kutoka hapa. Tumekubaliana kwamba bariamu yenye chuma bila 88, ambayo ni strontiamu, inakwenda kwenye breki, na yenye 88 na sodiamu inawekwa kando. Chembe za aina hii ya pili ni chache kiasi kwamba nisingependa kusikia mtu anazijengea hoja.

Taka ni jambo zito zaidi. Jijini Mexico, Machi 2006, chombo cha ukoo huu kilikuta asubuhi chembe zenye risasi, zinki na kloraidi kwa pamoja, na wachunguzi wakaziunganisha na viwanda na uchomaji wa taka. Sisi tumechoma, chini ya kofia ya bati, takataka kama zinavyokutwa kwenye shimo la nyuma ya nyumba: chupa, vifungashio, nyaya, majani mabichi. Kloraidi imetoka nyingi, zinki imeonekana kwenye 64, 66 na 68, na risasi imeonekana kwenye 206, 207 na 208 pale tu nyaya zilipokuwamo. Ni kweli kwamba petroli yenye risasi iliachwa kusini mwa Sahara kufikia mwanzo wa 2006, na udongo wa kando ya barabara za zamani bado unaweza kuwa nayo. Ndiyo maana kuwa ndani ya chembe moja kuna uzito: risasi iliyo pamoja na alumini na silika tunaihesabu udongo, na risasi iliyo pamoja na zinki, kloraidi na kaboni tunaihesabu moto.

Julai

Data sasa ni nyingi kuliko jicho linavyoweza kupitia, na kazi ya kupanga imekabidhiwa algoriti, yaani utaratibu wa hesabu wa kompyuta, iitwayo ART-2a. Kila spektra inageuzwa kuwa safu ya namba, safu inalinganishwa na vituo vya makundi yaliyopo, na ufanano ukifika 0.8 chembe inajiunga. Usipofika, kundi jipya linafunguliwa. Algoriti haijui mkaa wala magadi. Imetuletea makundi mengi yanayotofautiana kwa ukubwa wa kilele cha 39 pekee, ambayo tunayaunganisha kwa mkono kwa kutumia kitabu cha alama cha Machi hadi Juni. Wenzangu wawili wanaunganisha kila mmoja peke yake, na pale wanapotofautiana kundi linarudi mezani.

Jambo moja la mwezi huu linafaa kuandikwa. Moshi umeanza kuonekana usiku wa manane, saa ambazo majiko yamezimwa, na chembe zake hazina tena 113 na 115 bali zina 213, potasiamu tatu na salfeti. Tafsiri rahisi ni moshi uliozeeka safarini, na msimu wa kuchoma mapori umeanza upande wa kusini. Lakini moto wa kuni wenye mwali nao unaweza kutoa salfeti ya potasiamu tangu mwanzo, na tumeiona katika spektra zetu za mkaratusi. Kwa hiyo 213 haitoshi. Tunadai pia 18 chanya ya amonia na 62 hasi ya naitreti, ambazo huvaliwa njiani. Zenye vyote vitatu zinaongezeka usiku na kupungua mchana hewa ya juu inapochanganyika na ya chini, mwenendo ambao si wa jiko la jirani.

Tumeombwa na ofisi moja ya mkoani tutoe asilimia za kila chanzo mapema. Hatujazitoa. Idadi ya chembe zilizopigwa si uzito wa chembe zilizokuwa hewani. Kuni na vumbi lenye potasiamu vinapigwa kwa urahisi, masizi madogo ya dizeli hayaonekani kabisa, na salfeti inatoroka leza. Kihesabu cha kando kinatuwezesha kurekebisha kwa kila daraja la ukubwa, na marekebisho hayo yamekamilika kwa Januari na Februari tu. Agosti yataendelea kwa mpangilio huu: kwanza Machi, kwa ajili ya vumbi, kisha Mei, baada ya sampuli ya Amboseli kufika, Aprili itaachwa nje ya jedwali, isipokuwa upande wake chanya. Uchomaji wa mabua baada ya mavuno utapimwa shambani Usa River, ikiwa mwenye shamba atachoma kabla chombo hakijarudishwa.